Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: Je, kama Mzee Zawose angerudishwa nyumbani?

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo. Na mbukwenyi pia, maana nikiongelea mambo ya Wagogo bila kuanza na mbukwenyi wazee wa huku hawatanielewa.

Mi kazi yangu ni kujaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi, nina kibanda maeneo ya Majengo, wateja wangu ni madereva wa daladala, bodaboda, wenye vibanda vya chipsi, na wazee wanaokuja siku ya mnada na viredio vyao vya kuchaji kwa sola. Karibu kila wiki anakuja mtu ananiambia kijana niwekee nyimbo za kwetu, nafungua folda ya Kigogo. Humo kuna kwaya, kuna ngoma za harusi zilizorekodiwa na simu mpaka upepo unasikika kuliko waimbaji, alafu kuna za Mzee Hukwe Zawose. Za Mzee Zawose ndo zina sauti safi kuliko zote humo ndani, ilimba (kile kiboksi cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) unaisikia chuma kimoja kimoja, na mteja huwa anadhani zimerekodiwa hapa hapa. Zilirekodiwa kwa ajili ya kampuni ya Uingereza mheshimiwa. Muziki wa kijijini Doduma, mkoa wako huu huu, kopi nzuri kuliko zote niliyonayo imetoka Ulaya.

Hicho ndo kinanifanya nikae nawaza vitu ambavyo havikutokea, na ndo nimeamua nikuandikie.

Kwa wasiomfahamu (na vijana wengi wa mjini hawamfahamu, wanajua tu kuna Zawose fulani wa ngoma): Mzee alizaliwa huko Doduma mwishoni mwa miaka ya 1930 au mwanzoni mwa 1940, akakulia kwenye mazingira ya ng'ombe na ngoma kama watoto wengine wa Kigogo. Mwalimu Nyerere alivyopata habari zake akamwita Dar es Salaam. Kumbuka ni Mwalimu huyu huyu ambaye Disemba 1962 alianzisha wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akawasema wasomi wetu kwamba rumba na twist wanazijua kucheza lakini gombe sugu na lele mama hawazijui. Kwa hiyo serikali ikawa inakusanya watu wenye vipaji toka mikoani, alikuwepo na Mzee Morris Nyunyusa, yule asiyeona aliyekuwa anapiga ngoma nyingi peke yake, wa umri wangu na waliotutangulia tunamkumbuka kwenye taarifa ya habari ya RTD, Redio Tanzania ya zamani. Zawose akaenda na ilimba yake na zeze lake. Baadae kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ndo hiki kinaitwa TaSUBa siku hizi, akafundisha pale, akajenga pale, familia ikakulia pale. Toka hapo dunia ikamjua, matamasha ya Ulaya, albamu ya Chibite mwaka 1996 kwenye lebo ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa Uingereza, alafu 2002 akatoa Assembly na mwanamuziki mwingine, Michael Brook. Akafariki Bagamoyo tarehe 30 Disemba 2003.

Sasa angalia miaka mheshimiwa, hapa ndo pananiuma. Mwaka 1971 ilipigwa Operesheni Dodoma ya kuhamishia watu vijijini, Mwalimu mwenyewe anashinda Chamwino kwenye kijiji cha ujamaa. 1973 TANU inaamua makao makuu yahamie Dodoma, ndani ya miaka 10 kazi iwe imeisha, CDA, mamlaka ya kuujenga mji mkuu, inaundwa. 1981, yaani mwaka wa nane wa ile miaka 10, nchi inafungua chuo chake cha sanaa na kinawekwa pwani! Mpigaji bora wa Kigogo yupo mkononi, mji mkuu mpya upo kwenye ramani ni kwao, na hao wawili hawakukutanishwa.

Basi mi huwa nafanya hivi kichwani, nabadilisha kitu kimoja tu. Nasema mwaka huo wa 1981 kuna ofisa mmoja kwenye kikao Dar kanyoosha mkono, kasema jamani si tumesema tunahamia Dodoma, chuo hiki kwanini tusikitangulize? Wengine wamechoka wanataka kwenda kula, wakasema sawa. Imepita.

Kwa hiyo kwenye hiyo Dodoma yangu Mzee anashuka stesheni ya zamani na treni ya reli ya kati asubuhi, zeze limefungwa kwenye kanga, watoto wanamfuata nyuma. Chuo kinajengwa Mlimwa. Wanafunzi wanatoka nchi nzima, wapo Wamakonde, wapo Wasukuma na nyoka wao, wapo Wazaramo wanalalamika baridi ya Juni na vumbi, na jioni ukipita unasikia madarasa yanagombania sauti. Wazungu wa Uingereza nao wanakuja na mashine zao huku huku, wanafikia gesti ya Area C, umeme unakatika wanarekodi na jenereta, mchana wanakula ugali wa uwele na mlenda, mmoja anaugua tumbo. Kaseti zinauzwa Jamatini. Miaka ya 90 watoto wa Chang'ombe ya hapa Dodoma wanaoanza kurap hawahangaiki na biti za Marekani, mtaa wa pili kuna studio na kuna mpiga ilimba anapatikana kwa soda na nauli, kwa hiyo Bongo Fleva ya Dodoma inakuwa na mkoromo wake, ukiisikia hata ukiwa Mwanza unajua hii ni ya Dom. Na mi folda yangu ya Kigogo imejaa, haina upepo.

Tamu eh? Mi mwenyewe nilikuwa naishia hapo, nafurahi naendelea na kazi.

Ila siku moja nilikuwa barabarani mgeni mkubwa anakuja, si lazima niseme nani wala ofisi gani iliandaa. Kikundi cha muheme kimeletwa na Fuso toka kijijini, kina mama wamevaa njuga na shanga, kila mmoja ngoma yake kaibana katikati ya mapaja vile muheme inavyopigwa. Waliambiwa wawepo saa moja asubuhi. Turubai lilikuwepo, la viongozi. Kina mama wapo juani, wanapasha ngozi za ngoma kwa jua hilo hilo, mmoja ananyonyesha huku kaegemeza ngoma kwenye goti. Saa sita kasoro king'ora kinasikika, mtu mwenye kitambulisho shingoni anakimbia anapiga makofi, haya haya mama zangu, changamkeni! Wakaanza. Na mheshimiwa walipoanza, yule mama wa katikati aliporusha ngoma juu akaidaka bila kukosa pigo, mi nywele zilisimama. Mgeni akashuka, akatikisa mabega kidogo kamera zikapiga, akapita. Muda wote ule hata nyimbo mbili hazikuisha. Baadae nikasogea kumwuliza mama mmoja wamelipwa ngapi, akacheka, akanionesha chupa ya soda.

Tangu siku hiyo Dodoma yangu ya kichwani imeharibika. Najiuliza, tungemrudisha Mzee Zawose hapa mwaka 1981, tungemfanyia nini sisi? Naogopa jibu. Naogopa tungempanga kwenye foleni ya kupokea wageni. Miaka 20 anapiga ilimba pembeni ya zulia jekundu, ile sauti inayotoka chini kabisa kama ya mtu mzima alafu inapanda mpaka inakuwa ya mtoto, inazimwa kila siku na mtu mwenye maiki anasema asanteni sana sasa tuendelee na ratiba. Angekufa anajulikana kama yule mzee wa kikundi cha hamasa. Pwani walimpa darasa, wanafunzi na jukwaa, ndo maana Zawose akawa Zawose. Bagamoyo hawajatuibia kitu, tusijidanganye, na watoto na wajukuu wake wamezaa matunda huko, Msafiri ana albamu zake, Pendo na Leah wakiwa Zawose Queens wametoa Maisha mwaka 2024, wanawake sasa ndo wako mbele kwenye familia ambayo zamani kina mama walikuwa waitikiaji. Hongera zao.

Kwa hiyo siombi chuo kihamishwe, wala siombi sanamu. Tafadhali sana usijenge sanamu.

Ninachokuomba ni muziki huu uchukuliwe kama kazi. Kuna mzee mmoja anatengeneza ilimba upande wa Chamwino, nilikaa nae mchana mzima nikamwangalia. Anachonga boksi la mbao, vyuma anavitoa kwenye misumari na spoku za baiskeli, anavigonga kwenye jiwe mpaka vinakuwa bapa, anavipanga, anapiga kimoja anasikiliza, anakivuta mbele kama nywele tu, anasikiliza tena. Alafu kwenye kitundu cha boksi anabandika utando mweupe wa buibui, ule anaofunikia mayai yake ukutani. Huo ndo unaleta ule mkoromo. Bila utando ilimba inalia vizuri tu lakini haina Ugogo ndani yake. Nikamwuliza nani anajifunza kwake, akaniambia mjukuu alikuwa anakuja akapata kazi ya bodaboda. Simlaumu mjukuu, bodaboda inalipa jioni.

Huyu mzee ndo chuo chetu mheshimiwa, na hana hata mwanafunzi. Wapo wa zeze, wapo wa filimbi, na kina mama wa muheme ndo usiseme. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, waulize maofisa wako ni vikundi vingapi vya ngoma vimewahi kufika hata kwenye dirisha la kuombea, maana kikundi kikienda kinaulizwa biashara yenu ni nini, wakisema ngoma wanaambiwa hiyo si biashara, anzisheni kufuga kuku. Kuku! Kuna mtu aliwahi kuniambia hivyo hivyo kwenye ofisi fulani nilipoenda kuulizia, nikatoka zangu.

Na eneo lipo. Mji huu tangu serikali ihamie kweli kweli 2016 tumeona Mtumba imetoka kwenye pori ikawa Mji wa Serikali, tumekuwa jiji 2018, SGR inatufikisha Dar kwa masaa machache, soko, stendi, barabara za mzunguko, vyote vimepata viwanja. Kwenye ramani zote hizo sijaona sehemu imeandikwa hapa wazee watafundisha ilimba na watalipwa kama anavyolipwa fundi wa veta. Jengo moja lenye madarasa mawili na karakana linatosha kuanzia. Studio ndogo ikiwepo hata ya vifaa vya mtumba, mi nipo tayari kuja kujitolea upande wa kurekodi na kupanga mafaili, hiyo kazi naijua. Chamwino wenzetu wanajitahidi, wana tamasha lao la muziki wa Cigogo na ukienda utaona vijiji vinavyoshindana mpaka usiku, kwa hiyo hata pa kuwapata walimu hapahitaji utafiti, nenda siku ya tamasha na daftari.

Na wakati hilo linasubiri bajeti (najua bajeti) kuna jambo halihitaji hata kikao. Ratiba ijayo ya kupokea mgeni, kikundi kipewe turubai lake, maji, muda wa kufika ulio wa kweli, na malipo yao yaandikwe kwenye karatasi ile ile yanapoandikwa malipo ya mziki wa kukodi na mshereheshaji, tena wapewe kabla hawajapanda Fuso kurudi. Na waachwe wamalize wimbo. Mgeni hatakufa kwa kusimama dakika tano, wengine wamelipa tiketi Ulaya kusikiliza kitu hicho hicho.

Ukitaka kumtuma mtu aje tuongee zaidi, Majengo aulize jamaa wa flashi mwenye spika la bluu nje, atanikuta mpaka saa mbili usiku. Aje na flashi yake, namwekea Chibite yote bure akupelekee.

Wako,
Jamaa wa flashi, Majengo