Mama, mzuie asiezeke bati

Phoenix, Arizona
21 Septemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mbukwenyi nyote mlioketi hapo chini ya mwarobaini kumsikiliza msomaji. Mimi na mjukuu wako tu wazima, ila jua bado halijatuachia. Septemba inakwisha na mchana hatukanyagi uani bila viatu.

Najua barua hii atakusomea kitinda mimba wako, na najua atatamani kuruka panapomhusu. Mwambie asome yote, kwa sauti.

Nimeiona picha ya mabati aliyoyaegemeza kwenye mbuyu. Nilipotuma zile laki nane za banda la kuku sikujua ndilo hilo alilokuwa nalo kichwani: mita 4 kwa 5, kuta za bati, paa la bati, kidirisha kimoja ili wezi wasichungulie, na ndani yake kuku machotara 200. Mama, mzuie kwanza. Sijifanyi kujua kuku kuliko ninyi. Mwaka huu niliwaua wawili kwa ujinga wangu, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ananikata maneno.

Sikuwahi kukwambia kwamba nafuga. Niliona aibu, mimi niliyekuwa nikifungua banda alfajiri huku nimeziba pua, nikiapa kwamba nikitoka kijijini kwetu Mvumi sitazoa tena kinyesi cha kuku. Mwaka 2024 jimbo hili lilipitisha sheria kwamba mwenye nyumba kwenye kiwanja kisichozidi nusu eka anaweza kufuga kuku hadi 6, ila mji una ruhusa ya kukataza majogoo. Nikanunua matetea 6. Jogoo hakuna. Asubuhi za huku zimenyamaza kama nyumba iliyofiwa.

Kosa la kwanza, niliwachagua kwa sura. Wawili walikuwa aina ya Brahma, wakubwa, wana manyoya mpaka vidoleni kama wamevaa soksi. Mmoja mwanangu akamwita Bibi Harusi. Kosa la pili, nilinunua kibanda cha mbao nyembamba chenye paa la bati, nikakibana kwenye ukuta wa nyumba unaotazama magharibi, ule unaopigwa na jua la alasiri mpaka usiku ukiugusa bado una moto. Kazi yangu unaijua, nakesha na wazee ninaowahudumia, mchana nalala. Siku hiyo ya Julai niliwajazia maji saa moja asubuhi, nikaingia ndani. Nilipoamka saa tisa, Bibi Harusi na mwenzake walikuwa wamelala ubavu, mbawa wazi, midomo wazi. Maji yalikuwepo, tele. Nikatia kidole: moto, kama maji ya kumkanda mzazi. Kuku hanywi maji ya namna hiyo, mama. Atakufa kiu amesimama mbele ya chombo. Nikakimbilia mpira wa bustani niwamwagie waliobaki, kumbe nao umelala juani tangu asubuhi, maji yanayotangulia kutoka yanababua mkono.

Aliyeniokoa ni jirani, bibi mmoja wa Kimeksiko. Lugha hatuelewani, lakini kuku anawajua. Akawashika wale wanne mmoja mmoja, akawatumbukiza miguu na tumbo kwenye beseni la maji ya kawaida, siyo ya barafu, mpaka wakaacha kutweta. Kisha akaniangalia kama ulivyokuwa ukiniangalia nikiunguza mlenda.

Tangu siku ile nimewatazama kuku kuliko nilivyowatazama miaka yote niliyokula mayai yako. Kuku hatoki jasho. Mwili wake mwenyewe una joto la nyuzi 41 hivi, kwa hiyo hewa ikishafika hapo haimpunguzii kitu. Kinachobaki ni kutweta, maji yatoke kwa pumzi, na kilemba chake chekundu na yale mashavu yanayoning'inia, ambako damu hupita karibu na ngozi ikapoe. Ukimwona amenyanyua mbawa mbali na mwili, kama mtu mwenye jipu kwapani, ujue kazidiwa. Na akitweta siku nyingi mayai nayo yanaharibika, kwa sababu pumzi zile zinampotezea kabonidioksidi anayoihitaji kujenga ganda. Mimi nilikuwa naokota mayai yenye ganda laini kama karatasi nikadhani wanakosa chokaa, nikawa nawanunulia chokaa tu.

Sasa kitinda mimba wako atasema Dodoma si Arizona. Kweli. Hapa mwaka 2023 zilipita siku 31 mfululizo, kila siku joto likifika nyuzi 43 au zaidi. Ninyi mko juu, na upepo mnao. Lakini mwambie aingie kwenye stoo ya bati ya jirani saa nane mchana, Novemba, kabla mvua hazijaanza, akae humo muda wa kunywa chai moja. Nje patakuwa Dodoma. Humo ndani patakuwa kwangu. Halafu ajihesabie na kuku 200, 10 kwenye kila mita ya mraba, kila mmoja akitoa joto lake na unyevu wa pumzi yake.

Unaikumbuka nyumba ya tembe ya babu? Mchana wa Oktoba tulikuwa tunakimbilia humo, na kuku nao wanatufuata, mnawafukuza. Udongo mzito juu ya miti, jua linaupiga kutwa nzima na joto halijafika ndani. Watu wa huku wanalipa fedha nyingi kujengewa nyumba za udongo za namna hiyo. Nilipoziona nilicheka peke yangu barabarani.

Ila sisemi mjenge tembe ya kuku. Nakusikia ukiguna: papasi! Na ni kweli, nyufa za udongo ndiyo nyumba ya papasi, na kuku ana papasi wake wanaojificha mchana na kumnyonya usiku. Ninachoomba ni kivuli cha babu bila nyufa za babu. Kuta ziwe za wavu, na udongo au tofali uishie magotini, uwe umesiribwa vizuri. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, jua lisiingie ubavuni asubuhi wala alasiri. Mabati yameshanunuliwa, basi yapande juu, paa liinuliwe kuliko alivyopanga, na juu yake yatandikwe majani mazito au mabua ya uwele, yafungwe kwa waya maana upepo wa hapo haujui kuomba ruhusa. Hela itakayobaki kwenye kuta anunue wavu mnene. Huo ndio unaozuia kicheche; giza la bati halimzuii.

Na maji. Hapa watu wanafunga mabomba yanayonyunyiza ukungu, na kwa kuwa hewa ni kavu, ukungu unakauka upesi na kupoza. Mnaonunua maji kwa dumu siwezi kuwaambia upuuzi huo. Mimi mwenyewe niliacha baada ya kuona bili. Nilikumbuka mtungi wako wa kule nyuma ya jiko, unaotoka jasho, maji baridi mpaka meno yanauma. Nikatafuta vyungu vya maua vya udongo, visivyopakwa rangi, nikaziba matundu ya chini, nikavizika nusu kwenye mchanga wenye unyevu chini ya mti. Maji yanachujuka taratibu, chungu kinapoa, kuku wanakunywa. Vyombo vya plastiki nyeusi nilivigawa. Basi mnunulieni vyungu kuku hao, vifunikwe nusu wasiingie na miguu. Na siku za joto kali mtundike gunia la katani lililoloweshwa upande upepo unakotokea. Dumu moja linatosha mchana mzima.

Chakula endelea na desturi yako ya alfajiri na jioni. Nilikuwa nadhani unafanya hivyo kwa sababu mchana uko shambani. Kumbe kuku akisaga chakula mwili unazidi kupata moto, na mchana hauhitaji moto wa ziada. Sijui kama ulijua hilo au ulirithi tu. Vyovyote vile, kitinda mimba wako asiwamwagie pumba saa saba eti wanenepe haraka.

Kuhusu machotara, aanze na 40. Na achanganye na wenyeji, hasa vishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Shangazi anawacheka kwamba wamenyonyolewa kabla ya kuchinjwa, lakini shingo ile tupu ndiyo inayomponya, na hata mwilini ana manyoya machache kuliko wengine. Ningempata mmoja huku ningemlaza sebuleni. Kabla ya yote awachanje dhidi ya mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, tone la jichoni, na arudie kila miezi mitatu. Sitaki kusikia amejenga vizuri halafu mdondo ukasomba wote.

Wale wanne wangu wapo. Alfajiri nikirudi kazini nawakuta wamejichimbia kwenye mchanga karibu na vyungu, wamefumba macho, na mimi nakaa hapo na sare zangu za kazi mpaka jua linifukuze. Mwanangu ameniuliza jogoo analiaje. Nikamwigia, akacheka, akasema hakuna ndege wa hivyo. Mwambie kitinda mimba wako, akishamaliza kununa, aamke siku moja saa kumi na moja, amrekodi jogoo wako kwenye simu, yule mwekundu, anitumie.

Wasalimie wote.

Mwanao