Kabla hujanunua pikapu mpya ya gitaa la besi, anza na shingo

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na wenzako wa bendi hamjambo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na picha za gitaa lako la besi nimezitazama kwa makini. Malalamiko yako ni matatu: uzi wa E, ule mnene kuliko wote, unakwaruza kwenye freti (vile vyuma vinavyokatisha shingo) za mwanzo, sauti imepooza kama mtu anayeongea ndani ya gunia, na kuna mvumo usiokwisha. Halafu ukamalizia kwamba unataka kununua pikapu mpya (zile sumaku zenye koili zinazonasa sauti ya nyuzi) na boksi la pili la spika, la omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Tafadhali usinunue chochote kati ya hivyo kwanza. Matatizo hayo matatu yana vyanzo vitatu tofauti, na katika yote hayo pikapu sijaishuku hata mara moja. Hilo boksi la omu 4 ndilo linalonitia hofu hasa, nitalifikia.

Tuanze na nyuzi, kwa kuwa ndizo rahisi. Kwenye picha zimeshakuwa nyeusi upande wa freti za chini. Jasho na uchafu huingia katikati ya mizunguko ya waya wa nje, uzi unakuwa mzito mahali pamoja na mwepesi pengine. Mng'ao wa sauti unakufa, na hata ukiutuni sawasawa ukiwa wazi, ukibonyeza freti ya 12 sauti inapotoka. Gunia lako ndilo hilo. Nunua seti ya 45 hadi 105 ya gitaa la urefu wa kawaida, yaani inchi 34 (milimita 864) kutoka kwenye kifupa cha kichwani (chenye mifereji ya nyuzi) hadi darajani. Zikiwa za waya wa mviringo zitakupa ukali. Zikiwa bapa zitakupa sauti nzito, fupi, ya zamani. Kwa muziki mnaopiga ningechukua za mviringo.

Zibadilishe mmoja mmoja, shingo isipoteze mvuto wote kwa mpigo. Na angalia jinsi ya kukata. Vuta uzi upite kigingi chake cha kutunia kwa sentimita 10 au 12, upinde kona kali ya digrii 90, ndipo ukate mbele ya ile kona. Ndani ya uzi kuna kiini cha chuma, na nje kimezungushiwa waya. Ukikata kabla ya kupinda, waya wa nje unaweza kulegea juu ya kiini, na uzi mpya unakufa siku hiyohiyo. Ingiza ncha kwenye tundu la katikati ya kigingi, kisha zungusha mara tatu hivi ukishuka chini, kila mzunguko chini ya mwenzake. Kushuka huko ndiko kunakoukandamiza uzi kwenye kile kifupa cha kichwani. Mizunguko ikipanda juu, uzi unapita kifupani ukiwa umenyooka, na utasikia kelele ndogo ya chuma usiyojua inatoka wapi. Ukimaliza kutuni, bonyeza kila uzi kwa dole gumba mbele tu ya kitandiko chake darajani (kile kipande kidogo kinachoubeba), ili kona yake ikae kali. Utashangaa uzi uliokuwa mvivu unavyoamka.

Sasa shingo. Watu wengi huiruka na kwenda moja kwa moja darajani, kwa sababu skrubu za darajani zinaonekana na ya shingo imejificha. Lakini shingo ikisogea, kila kipimo kingine kinasogea nayo. Kwa hiyo: shingo, halafu kimo cha nyuzi, halafu kusahihisha sauti darajani, na pikapu mwisho. Usiupindue mpango huo, na usirekebishe vitu viwili kwa wakati mmoja, maana hutajua ni kipi kilicholeta nafuu.

Tuni nyuzi zote nne, E, A, D, G, kikamilifu. Lishike gitaa kama unavyolipiga; ukililaza chali mezani, uzito wa shingo yenyewe unapotosha kipimo. Funga kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 1, kisha kwa mkono mmoja bonyeza uzi wa E kwenye freti ya mwisho kabisa. Hapo uzi umekuwa rula. Tazama freti ya 7 au ya 8: kati ya kilele cha freti na tumbo la uzi panatakiwa nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.35. Tumia fila, zile bapa nyembamba ambazo mafundi wa magari hupimia valvu. Ya 0.3 ipite ikiugusa uzi bila kuuinua.

Nafikiri kwako hapatakuwa na nafasi yoyote. Uzi utakuwa umelala juu ya freti. Mkwaruzo wa freti ya 1 hadi ya 4 tu, huku juu kukiwa safi, karibu kila mara ni shingo iliyonyooka kupita kiasi au iliyopinda kinyumenyume. Uzi unapotetema hupanuka zaidi katikati ya urefu wake, kwa hiyo shingo inahitaji upinde mdogo wa kuupisha. Upinde huo unaupata kwa kulegeza tras rodi, ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo. Tazama nati yake uso kwa uso: kuizungusha kinyume cha saa ni kulegeza, upinde unaongezeka, kwa mwendo wa saa ni kukaza, shingo inanyooka. Zungusha sehemu ya nane ya mzunguko, tuni tena, pima tena. Ikibidi zaidi, nyingine kama hiyo. Usivuke robo mzunguko kwa siku moja, kwa kuwa mbao huchelewa kutulia na kipimo cha kesho asubuhi kinaweza kutofautiana na cha leo. Siku utakayohitaji kukaza, legeza nyuzi kidogo kwanza.

Kuhusu alenki, ule ufunguo wa pembe sita wa kuzungushia nati, kuwa mwangalifu sana. Magitaa mengi ya mtindo wa Kimarekani hutumia kipimo cha 3/16 ya inchi, yaani milimita 4.76. Alenki ya milimita 5 haiingii, na ya 4.5 inaingia ikicheza. Hiyo inayocheza ndiyo hatari: inakula kona za nati polepole mpaka siku moja inazunguka bure, na kuitoa nati iliyolika ndani ya shingo ni kazi ya fundi, tena ya gharama. Tafuta inayobana sawasawa. Na kama nati haizunguki kwa nguvu ya kawaida ya kiganja, acha hapohapo, umpelekee fundi.

Shingo ikikaa, kimo cha nyuzi ni dakika chache. Toa kapo, pima freti ya 17 kutoka kilele cha freti hadi chini ya uzi: milimita 2.4 kwa E, ukishuka taratibu hadi 2.0 kwa G. Mwenye mkono mzito aongeze kidogo. Mkwaruzo ukitokea kuanzia freti ya 12 kwenda juu, nyuzi ziko chini mno. Ukitokea uzi ukiwa wazi tu na kupotea ukibonyeza freti yoyote, mfereji wa kifupa umechimbika sana. Ukiwa kwenye freti moja peke yake, freti inayofuata imeinuka. Na sikiliza kupitia amplifaya pia: mkwaruzo unaosikika chumbani bila amplifaya lakini haufiki kwenye spika, mimi huuacha.

Kusahihisha sauti kunafanywa kwa nyuzi mpya tu. Linganisha kwenye tyuna sauti ya kengele ya freti ya 12 (gusa uzi bila kubonyeza) na sauti ya kubonyeza freti hiyohiyo. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kitandiko nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Tuni upya kila unapokisogeza. Mwishoni kitandiko cha E kitakuwa nyuma kuliko cha G, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kwenye pikapu, bonyeza freti ya mwisho na uache kama milimita 3 chini ya E na 2.5 chini ya G. Kuna anayedhani kadiri zinavyokaribia ndivyo sauti inavyonenepa. Zikikaribia mno, sumaku huuvuta uzi, noti inayumba na hakuna tyuna inayotulia.

Na kabla ya kuzihukumu, zipime. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua pikapu moja hadi mwisho na ufunge nyingine kabisa, weka mita ya omu kwenye ncha na kwenye shina la plagi ya upande wa pili. Pikapu nzima ya mtindo wa Jazz Bass, gitaa la besi la Fender, hutoa kilo-omu 7 au 8. Ukiona zaidi ya 100, waya wake umekatika au lehemu imeachia. Ukifungua zote mbili, kipimo kinashuka hadi karibu nusu, maana sasa ziko sambamba.

Hapo tunafika kwenye mvumo. Gitaa lako lina pikapu mbili za koili moja moja, kama Jazz Bass ilivyotoka mwaka 1960. Zimezungushwa ili zifutiane mvumo zikiwa wazi kwa kiwango sawa. Ukipunguza moja, mvumo unarudi, na huo si ubovu, ni maumbile ya koili moja. Precision Bass, besi nyingine ya Fender, haina tatizo hilo tangu pikapu yake ilipogawanywa vipande viwili mwaka 1957. Kwa hiyo fungua zote mbili hadi mwisho usikilize. Mvumo ukibaki, gusa nyuzi. Ukipungua ulipogusa, arthi (njia ya umeme kwenda ardhini) ya daraja inafanya kazi, na tatizo ni kwamba ndani ya mwili wa gitaa hakujakingwa. Bandika karatasi ya shaba kwenye mashimo yote, iungane na arthi. Usipobadilika kabisa, pima kutoka darajani hadi shina la jeki: panatakiwa omu 1 au chini yake. Kama mita haisomi kitu, ule waya mdogo unaopita chini ya daraja umeachia. Badilisha kebo pia, maana kebo ya gitaa iliyokatika kinga ndani huvuma vilevile.

Jambo moja nakuomba ulishike kwa moyo wote: usikate pini ya arthi kwenye plagi ya amplifaya ili kuua mvumo. Pini hiyo ndiyo inayokulinda umeme ukivuja, na wewe umeshika nyuzi za chuma huku mdomo uko kwenye maikrofoni. Kama mvumo unakuja mnapounganisha na mixa, tumia boksi la DI, lile dogo la kuunganishia gitaa na mixa, lenye swichi ya kutenganisha arthi. Lenyewe linatenganisha njia ya sauti tu.

Sasa boksi lako la pili. Amplifaya yako nyuma imeandikwa kiwango cha chini omu 4, na spika iliyomo ndani ni ya omu 8. Ukiongeza boksi la omu 8, zikiwa sambamba unapata omu 4, salama kabisa. Ukiongeza la omu 4, zidisha 8 kwa 4, gawa kwa jumla yake 12, unapata 2.67. Hapo amplifaya inalazimika kutoa mkondo mkubwa kuliko ilivyojengewa. Kwa sauti ndogo haitalalamika, na hilo ndilo linalodanganya watu. Jukwaani, sauti ikipanda na joto likipanda, itajizima katikati ya wimbo, au transista za mwisho zitaungua. Na hata isipoungua, boksi la omu 4 litakunywa theluthi mbili za nguvu na la omu 8 theluthi moja, kwa hiyo moja litazidiwa wakati jingine limelala. Chukua la omu 8.

Faida yake ni kubwa kuliko kununua amplifaya ya wati nyingi. Kutoka wati 300 hadi 500 ni desibeli 2.2 tu, tofauti ambayo mpiga ngoma wenu hataitambua. Boksi la pili linalofanana na la kwanza linakupa hadi desibeli 6 kwenye sauti nzito: 3 za nguvu zaidi inayotoka, na 3 za koni mbili kusukuma hewa pamoja. Uliunganishe kwa kebo ya spika. Kebo ya gitaa ina plagi ileile lakini kiini chake ni chembamba. Hupata moto, na ikijishoti inaweza kuua amplifaya.

Ile amplifaya ya valvu (zile taa za kioo) uliyoulizia ni habari nyingine: usiiwashe kamwe bila spika, na usifungue kifuniko chake hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu kapasita zake hubaki na volti za kuua.

Mwisho, mnapofanya mazoezi, punguza kile kitufe cha besi na uongeze katikati, karibu na hezi 400 hadi 800. E wazi ni hezi 41, na spika ndogo haiitoi vizuri. Sikio linaitambua noti kutoka hezi 82 na kuendelea. Kuongeza besi kunamaliza nguvu na kutingisha koni tu. Inua boksi juu ya kiti au liinamishe litazame uso wako, maana sasa sauti ya katikati inapiga magoti yako.

Nitumie vipimo hivi: nafasi ya freti ya 7, kimo cha E na G freti ya 17, na usomaji wa mita wa kila pikapu peke yake. Piga pia picha ya maandishi yaliyo nyuma ya hilo boksi kabla hujalipia.

Wasalaam,
Rafiki yako