Shule yafungwa, au zafungwa?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu upatanisho wa kisarufi katika vichwa vya habari. Wapo wanaodai kwamba kichwa cha habari kina sarufi yake, kwa kuwa nafasi ni finyu na habari haisubiri. Nakubaliana nao nusu. Kuandika "Bunge lapitisha bajeti" badala ya "Bunge limepitisha bajeti" ni mtindo tuliouzoea, wala hauvunji kanuni yoyote. Lakini ninaposoma "Mabasi zagongana", sioni nafasi iliyookolewa, maana "yagongana" ina idadi ileile ya herufi.

Kosa hili huleta madhara zaidi kwa nomino za ngeli ya I-ZI, ambazo umbo lake halibadiliki katika wingi. "Shule yafungwa" ni shule moja. "Shule zafungwa" ni nyingi, pengine za nchi nzima. Neno "shule" lenyewe halimwambii msomaji lolote juu ya idadi. Kazi yote hubebwa na silabi moja mwanzoni mwa kitenzi, na mwandishi akiikosea, mzazi anayesoma vichwa vya habari kwenye meza ya muuza magazeti, bila kununua, ataondoka na habari isiyo ya kweli. Vivyo hivyo, anayesoma "Simba auawa" na "Simba yafungwa" hachanganyi mnyama na timu, kwa sababu viambishi vimekwisha kuwatenganisha.

Ubishi wa haki uko kwenye taasisi. "Polisi wamkamata mwizi" huhesabu askari, "Polisi yamkamata mwizi" hutaja jeshi lenyewe, nami naona yote mawili yanateteka, ilimradi gazeti lisiyachanganye ndani ya habari moja. "Serikali wapandisha kodi" siwezi kuitetea, hata nikiambiwa kwamba serikali ni watu. Kijiji nacho ni watu, na hatusemi "kijiji wamehama".

Liko na jambo ambalo upatanisho pekee hauliponyi. "Waziri ajiuzulu": je, amekwisha kuacha kazi, au gazeti linamtaka aache? Kitenzi hiki, kama vingine vingi vyenye asili ya Kiarabu, hakibadili irabu yake ya mwisho tunapotaka jambo litendeke, kwa hiyo maana zote mbili zinasimama. "Amejiuzulu" ingeongeza herufi mbili tu, na waziri mwenyewe angejua kama bado ana kazi.

Wasalaam,
Msomaji wenu wa kila siku