Kabla hujamsainisha yule bibi

Mwanangu kamwene,

Najua saa hizi umelala na kesho unasafiri kurudi saiti, ndo maana naandika badala ya kupiga, maana nikipiga unasema baba nipo kwenye kikao halafu hunirudii. Utanivumilia herufi, hii simu uliyoninunulia ina tabia ya kunibadilishia maneno, naandika fidia inaweka fedha, nimeirekebisha mara mbili nikachoka. Na najua mtacheka na wenzio kwamba meseji za baba ni gazeti. Chekeni ila usome mpaka mwisho.

Ni lile neno ulilosema Jumatano. Mama yako alikuwa ameweka spika kwa hiyo tulisikia wote. Ulisema kaya mia na arobaini zimeshasaini fomu za fidia ili zihame, amebaki bibi mmoja tu, na vijiji kumi na moja havina maji, kwa hiyo baba hatuwezi kusimamisha bwawa la watu wote kwa ajili ya mtu mmoja. Halafu ukasema si neno, mwanae wa kiume amekubali kumsainia. Ukacheka kidogo. Mama yako akasema huyu mtoto kawa mkubwa kweli kweli, mimi nikasema ngoja nikaangalie mbuzi. Mbuzi hawakuwa na shida yoyote.

Sasa usije ukadhani baba yako uzeeni amekuwa mpinga maendeleo. Bwawa silipingi. Maji nayajua, na kama hunielewi muombe mama yako avue kilemba akuonyeshe utosi wake jinsi nywele zilivyokataa kuota kwa sababu ya ndoo. Watu wa vijiji kumi na moja ni wengi, na wana watoto, na watoto wanaharisha. Hayo yote nakubaliana na wewe na hata kama angekuja mtu hapa kubisha ningembishia. Mimi nina swali moja tu. Yeye mwenyewe mmemuuliza? Sisemi mwanae, wala mwenyekiti, wala yule anayewashikia kamba mkipima. Yeye bibi.

Wewe ndo umesomea haya, umetoka Chuo Kikuu Ardhi na cheti chako mama yako kakitundika juu ya kabati pale mgeni akiingia lazima akione, mimi niliishia la saba. Lakini Krismasi uliponieleza nilikuwa nasikiliza usidhani nilisinzia. Ulisema kuna thamani ya ardhi, kuna mazao, kuna posho ya usumbufu, kuna usafiri, kuna makazi, na kwamba fidia inatakiwa iwe ya haki, kamili na ya kwa wakati. Na ukasema tena sheria ya mwaka 2016 inataka uthamini ukifika miaka miwili watu hawajalipwa basi umekufa, mnaanza upya. Kwa hiyo naelewa haraka inatoka wapi, bosi wako hataki kuanza upya na wewe mkataba wako unaisha Desemba. Haraka ya namna hiyo naijua.

Hadithi za operesheni ya kuhamishia watu vijijini unazijua, za unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na za kulala chini ya mbuyu, sizirudii. Ila kuna kitu katika hadithi zile mlikuwa hamuulizi na mimi nikawa sisemi. Kwamba Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kuishi kwenye vijiji sasa ni amri, na mwisho ni 1976, hilo mmelisoma shule. Na huku kwetu ilipoanza 1974 zilikuja trekta na mgambo na vijana wa TANU wenye mashati ya kijani. Kila operesheni ilikuwa na karani. Karani lazima awe na mwandiko mzuri, na huo mwandiko wako wanaousifu ofisini kwenu uliutoa wapi? Si kwa mama yako, mama yako anaandika kama kuku kapita.

Daftari lilikuwa na mistari: jina la mkuu wa kaya, watu wangapi, nyumba ngapi, mifugo mingapi, na mwisho kabisa pembeni kulikuwa na nafasi ya maoni. Nafasi ndogo, neno moja linatosha. Sisi tuliambiwa nafasi ile isikae wazi. Na ujue wakati ule watu wa Iringa walikuwa bado na lile jambo la Krismasi ya 1971, Dr. Kleruu mkuu wa mkoa kupigwa risasi kule Isimani na mkulima, Mwamwindi, na Mwamwindi baadaye akanyongwa. Baada ya pale hakuna kiongozi aliyekuwa anataka kusikia ubishi, alikuwa anataka daftari safi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilikuwa na kalamu mbili mfukoni, nyekundu na bluu.

Kulikuwa na mama mmoja mfinyanzi, aliishi kule bondeni chini karibu na kijito. Mumewe alishakufa. Alikuwa akifinyanga vyungu vya maji na vya pombe, watu walikuwa wanatoka mbali kuvifuata kwa sababu ule udongo wa pale kijitoni una kitu, haupasuki kwenye moto. Siku tumefika nikamsomea ile amri yote, kwamba kule kutakuwa na shule, zahanati, bomba, na hatuwezi kuacha taifa zima nyuma kwa sababu ya mtu mmoja. Ndiyo, maneno yenyewe ndo hayo, kama ulivyosema Jumatano, tofauti wewe ulisema bwawa. Yeye alikuwa anasugua chungu kibichi kwa kokoto ili king'ae, akaendelea kusugua. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nikaandika kwenye maoni: amekubali.

Sasa mwanangu nisikilize vizuri hapa. Sikwambii kwamba ile hamisha hamisha yote ilikuwa makosa. Kuna watu wanasema hivyo na kuna watu wanasema ilikuwa mazuri matupu na wote wananichosha, hasa wale waliozaliwa juzi. Kufika 1977 tuliambiwa watu zaidi ya milioni 13 nchi nzima wanaishi vijijini. Shule ya msingi ilifika kwetu kweli, mama yako kasoma pale. Zahanati ilikuwepo, kaka yako alivyopata degedege angekufa. Bomba lilitoka maji miaka miwili likaharibika hilo tuliache. Na njaa ya 1974 pia naikumbuka, ukame ulikuwepo lakini na sisi tuliwahamisha watu mahindi yakiwa shambani, nyani wakala. Kwa hiyo ukinipa mizani niweke zahanati huku na vyungu vya mama mmoja huku, mimi mwenyewe nachukua zahanati, leo hii nachukua zahanati. Silo linalonikosesha usingizi.

Ni lile neno, amekubali. Maana ningeandika amekataa angehama vilevile, trekta ilikuwa imeshawashwa. Lakini mtu aliyeandikwa amekataa, kuna siku mkubwa anafungua daftari anauliza huyu alikataa nini, nani akamuulize anataka nini. Pengine angesema nahama lakini kila kiangazi nileteeni trela moja ya udongo. Trela moja tu! Trekta ilikuwa inalala pale kijijini kwa mwenyekiti. Aliyeandikwa amekubali hakuna anayerudi kwake. Yule mfinyanzi kule tulikomhamishia alijaribu udongo wa kichuguu, vyungu vikapasuka. Mwaka wa kwanza alikuwa anatembea kurudi bondeni kwenda kujitwika udongo kichwani, kwenda asubuhi kurudi usiku, halafu mguu ukakataa akaacha. Watu wanasema mfinyanzi hulia gaeni, wanasema kama utani. Yeye alikuja kufikia kulia kwenye sahani ya bati. Aliishi mpaka 1991 na siku zote alikuwa ananiita karani, hata nilivyokuwa balozi wa nyumba kumi, hata nilivyooa, kila mtu ananiita baba fulani yeye ananisalimia kwa Kihehe, kamwene karani.

Sasa huyo bibi wenu ana nini pale? Ndo nauliza. Huenda ni kaburi, na kama ni kaburi mnajua utaratibu upo wa kuhamisha. Huenda ni mwembe tu. Huenda anataka kulipwa zaidi, nayo si dhambi, ni mali yake. Huenda ni kitu ambacho kwenye fomu yenu hakina mstari. Mimi nilichokiona ni kwamba vitu vya namna hiyo havina mstari, posho ya usumbufu ipo, ya udongo haipo. Lakini bila kumuuliza hutajua na ukishamwekea mwanae kalamu mkononi hutajua milele. Na huyo mwanae mwenyewe mwangalie vizuri, hela ya fidia inaingia akaunti ya nani? Usinijibu mimi, jiulize.

Usiende na gari ya mradi. Usiende na mwenyekiti. Beba kilo mbili za sukari na majani ya chai, kaa chini, kwenye mkeka siyo kwenye kiti, na usitoe fomu siku ya kwanza. Akikataa, andika amekataa. Hata bwawa likijengwa, hata kama mahakama itaamua ahame, hata kama wewe mwenyewe unaona anakosea, andika amekataa na uandike kwa nini, kwa ule mwandiko wako. Bosi akikufokea mwambie baba yangu mgonjwa sina akili sawasawa, si uongo, mgongo unaniuma kweli.

Kaka yako anakusalimia. Tumemaliza kuvuna, tumepata gunia kumi na nne, alizeti bado. Alitaka kukupigia nikamwambia usimsumbue dada yako. Huyo naye sijui. Mwaka ule 2008 mimi na mama yako tulikaa usiku tukasema ada ya watoto wawili haiwezekani, huyu ana kichwa, yule ana mikono, na yule akirudi shambani nyumba nzima inakula na huyu anasoma. Alikuwa kidato cha pili. Nilimwambia asubuhi yake na akasema sawa baba, na mimi nikamwambia mama yako mtoto hana neno. Elimu bila malipo imekuja 2016, imemkuta ana watoto watatu. Juzi nilimkuta jioni kakaa peke yake anasoma kile kitabu chako cha hesabu cha zamani, kaniona kakifunika na koti. Usimwambie nimekwambia. Lakini ukipata nafasi mtumie yeye hela yeye mwenyewe kwa simu yake, siyo kupitia kwangu.

Na hapohapo kwenye hela, ile laki tatu ya bati nimenunua bati sita. Zilizobaki tutaongea ukija. Ilikuwa lazima.

Sikufurahi hukuja msiba wa baba yako mdogo. Ulituma mchango mkubwa kuliko wote, mwenye daftari la michango alisoma jina lako mara mbili na mimi nilijisikia, siwezi kudanganya, nilitembea siku hiyo kifua mbele. Lakini mchango haukai na wafiwa. Mashangazi zako waliuliza nikasema una kazi ya serikali, wakasema aah.

Mama yako dozi ya presha imebaki ya siku tano, pale duka la dawa wanampa za kampuni nyingine anasema zinamzungusha kichwa, tafuta zile za mwanzo, karatasi nakutumia picha. Betri ya sola imekufa kabisa, hii simu nachaji kwa jirani na jirani keshaanza kuguna. Na ukipita mjini mnunulie mama yako ndoo ya plastiki ya maji ya kunywa, zile zenye koki. Kile chungu cha maji kimeanza kuvuja kwa chini, nimekiziba na simenti, sasa maji yananuka simenti na mama yako kanuna siku ya tatu, anasema kitupwe. Nimemwambia hakitupwi. Kakaa nacho miaka yote anajua nilikinunua mnadani. Sikukinunua. Kilikuja kwenye trela siku ile, mimi ndo nilikuwa nimekaa nyuma na mizigo, na tulipofika nikakiteremsha upande wangu.

Ntakiweka stoo. Wewe leta ndoo.

Ukifika saiti nitumie meseji, na uniandikie na jina la huyo bibi, Jumatano nzima hukulitaja.

Ni mimi baba yako.