Vivutio vya Kusini vina wenyewe

Ndugu Mhariri,

Ninalisoma gazeti lako tangu nikiwa kazini, na kwa miaka yote hiyo sijapata kukuandikia, hata siku mlipoihamisha Mikindani kutoka Mtwara mkaipeleka mkoa wa Lindi. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Nazungumzia makala ile ya “vivutio vilivyofichika” vya Kusini, ya safari ya gari kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, ambayo mwandishi wako, mara tu baada ya kuvuka Daraja la Mkapa, alianza kugundua kitu kila aliposimama kunywa maji. Aligundua Kilwa, akagundua Mikindani, na kufikia aya ya mwisho alikuwa amegundua hadi Shimo la Mungu kule Newala, ambako hakuna Mmakonde wa pale asiyewahi kusimama ukingoni akalitazama bonde la Ruvuma linavyotandaa kuelekea Msumbiji.

Kama Kilwa ilikuwa imejificha, basi ilijificha vibaya sana. Msafiri Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 na kuandika habari zake. Wareno waliivamia mwaka 1505. Sarafu zake za shaba ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya kaskazini mwa Australia. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayahamishia katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuyatoa humo mwaka 2014. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa na kujiwekea bwawa la pembe nane katika jumba linalotazama bahari, hakuwa mtu wa kutaka asionekane. Cha ajabu, mwandishi huyo aliyekuwa na macho makali kiasi hicho alipita wilaya nzima ya Kilwa bila kukata kona kuelekea vilima vya Umatumbi, kwenye kijiji cha Nandete, ambako watu waling'oa pamba mwezi Julai mwaka 1905 na Vita vya Maji Maji vikaanza. Huko kweli wageni ni wachache, lakini labda gari lake lilikuwa la chini.

Zamani tuliambiwa kwamba wageni hawaji Kusini kwa sababu ya barabara, na hatukubisha, maana masika magari yalikuwa yakilala njiani yakisubiri kivuko cha Ndundu kwenye Mto Rufiji huku abiria wakimaliza akiba ya safari kabla ya safari yenyewe. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, lami nayo ikafuata kwa mwendo wake wa kobe. Kisingizio hicho kimekwisha. Kilichobaki ni kile ambacho makala yako haikukigusa hata kwa nukta moja, nacho ni lango.

Nitakueleza yaliyotukuta. Mpwa wangu alikuja kututembelea na mkewe na watoto, akiwa ameitikia wito tunaousikia redioni kila siku kwamba Watanzania tutembelee vivutio vyetu wenyewe, nami nikawapeleka Jumapili kwenye eneo moja la kihistoria katika pwani yetu hii, ambalo sitalitaja kwa sababu atakayeadhibiwa ni mlinzi, na mlinzi hana kosa. Kibao cha njiani kilikuwa kimepinda na mshale wake unaelekeza porini, lakini njia naijua, tukafika. Mlinzi alitupokea kwa heshima zote, akatuuliza kibali. Nikamwambia tutalipa hapo hapo. Akasema yeye hapokei fedha taslimu, jambo ambalo ni sahihi kabisa, na kwamba kibali hutolewa ofisini mjini. Tukarudi mjini. Ofisi imefungwa, komeo limening'inia, na namba ya simu imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi iliyobandikwa kwa ndani ya kioo, jua limeifuta tarakimu mbili za mwisho. Kijana wa bodaboda aliyekuwa jirani alikuwa na namba ya afisa mwenyewe (huenda naye tumwite kivutio kilichofichika), tukampigia, naye afisa akatujibu kwa upole kwamba mfumo hauko hewani, hawezi kututolea namba ya malipo, tujaribu Jumatatu. Jumatatu watoto wa mpwa wangu wanatakiwa darasani Dar es Salaam! Tulirudi kwa yule mlinzi angalau watoto waone magofu kwa mbali, naye kwa kutuhurumia akatuonesha kitabu cha wageni, kalamu imefungwa humo kwa uzi wa katani. Nilikipekua. Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi, Ujerumani tena. Jina la Mtanzania nililiona mojamoja, tena wengi wao wakiwa maafisa waliokuja kikazi siku za katikati ya wiki. Hapo ndipo nilipoelewa mambo yanavyokwenda: mgeni wa nje huletwa na wakala aliyemkatia kibali kabla hajapanda ndege, ilhali Mtanzania mwenye mapumziko ya Jumamosi na Jumapili tu hukutana na komeo, kisha Jumatatu anasoma gazetini kwamba hana mwamko wa utalii wa ndani.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na la Tendaguru, hapa mkoani Lindi, ambayo mwandishi wako ameipa sentensi moja na kuiita bonde, ilhali ni kilima. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya dinosaria, kwa mikono ya watu wetu na chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani, na shehena ya zaidi ya tani 200 ikabebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa dinosaria hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, kimo chake kinapita mita 13, na wanaokwenda kumtazama hawahitaji kumtafuta afisa kupitia bodaboda. Mjadala wa kuirudisha mifupa hiyo umewahi kufika hadi bungeni. Sina neno na mjadala huo, na wala sidhani kwamba utaisha nikiwa hai. Nauliza tu: aliyefika Lindi leo na gari lake, akataka kukiona kilima chenyewe kilichotoa mifupa hiyo, aanzie dirisha gani, na je, Jumamosi lipo wazi?

Sitaki kulaumu bila kupendekeza. Pendekezo langu la kwanza ni kwa wahusika: katika kila eneo wekeni dirisha moja linalofunguliwa Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na karani mmoja mwenye simu yenye laini mbili za mitandao tofauti, ili mmoja ukigoma ashike wa pili. Haihitaji mfadhili wala semina. La pili ni kwako, Mhariri. Mwandishi wako akirudi tena Kusini na kudai amegundua mahali, usichapishe habari yake mpaka awasilishe barua yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji husika, inayothibitisha kwamba wakazi hawakuwa na taarifa yoyote kuhusu mahali hapo kabla ya yeye kushuka garini. Barua hiyo aiombe siku ya kazi. Akienda Jumapili, aje atueleze alichokikuta.

Mwalimu mstaafu,
Lindi