Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mafunzo ya Awali ya Muziki na Taswira

Ndugu wanachama wa chama chetu cha washauri,

Assalamu alaykum. Shughuli za kawaida za mwaka zimo katika ripoti ya katibu, na mahesabu ameyasoma mhazini. Mimi nitajikita kwenye mafunzo ya awali ya kutumia muziki na taswira, yaani picha zinazomjia mtu akilini, katika tiba, tuliyoyafanya hapa mjini Unguja pamoja na wenzetu waliovuka kutoka Pemba.

Kwa wasiohudhuria: njia hii iliasisiwa na Helen Bonny, mpiga fidla na mtaalamu wa tiba ya muziki wa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa maradhi ya akili huko Maryland, ambako watu walipewa LSD, dawa inayobadilisha fahamu na kuleta njozi, huku wakisikilizishwa muziki. Bonny akaona kwamba mtu aliyetulizwa vizuri huweza kufika mbali kwa muziki wenyewe, bila ya dawa. Kikao kamili huchukua kiasi cha saa moja na nusu hadi mbili. Huanza kwa mazungumzo, ukafuata utulivu wa mwili, kisha muziki wa dakika 30 au zaidi. Mteja amelala, amefumba macho, anaeleza yanayomjia, na mwongozaji anamfuata kwa maswali mafupi. Baadaye hurudishwa taratibu, mara nyingi kwa kuchora ndani ya duara.

Sisi tulijifunza sura nyepesi zaidi: kipande kimoja kifupi, kisicho na mishtuko, mteja amekaa kitako. Tulifanyiana wenyewe kwa wenyewe, na baadhi yetu tulitokwa na machozi mbele ya wenzetu. Nawashukuru kwa kustahiana.

Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya muziki wenyewe. Programu za Bonny, yaani mifululizo ya vipande aliyoipanga kwa ajili ya vikao, zimejengwa kwa muziki wa Ulaya, wa akina Bach, Brahms na Debussy. Je, masikio yetu? Tulijaribu taarabu, na wimbo wenye maneno ulitushinda: msikilizaji wa Kizanzibari hushika mashairi, akatafuta fumbo na aliyekusudiwa. Bashraf, aina ya taarabu ambayo haina uimbaji, ilikwenda vizuri zaidi. Ala za kanuni, udi na fidla ziliwafungulia baadhi yetu mambo mazito. Wengine iliwapeleka moja kwa moja ukumbini kwenye harusi. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kabla ya kuweka muziki wowote, mteja aulizwe ana historia gani na sauti hiyo. Na mwenye kujizuia na ala kwa sababu ya dini yake asilazimishwe hata kidogo. Zipo njia nyingine za kumsaidia.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Mteja anaweza kumwona marehemu mama yake, au nyoka mkubwa anayetoka baharini, na akifika nyumbani akaambiwa amepandwa na jini. Mwongozaji hafasiri picha, wala hasemi hii ni ishara ya kadha. Anauliza: inakuwaje kuwa hapo? Unahitaji nini? Mteja aelezwe mapema kwamba fahamu zake anazo muda wote, na akitaka kufumbua macho anafumbua. Familia nayo ikiuliza, ielezwe hivyo hivyo kwa lugha nyepesi, maana huku kwetu mtu haji kutibiwa peke yake.

Nasema kwa msisitizo: mafunzo haya ni mlango tu. Cheti mlichopewa ni cha kuhudhuria. Hakimruhusu mtu kuongoza kikao kamili, wala kujitangaza kuwa mtaalamu wa njia hii. Hatua zinazofuata zinadai vikao vya mtu binafsi na kusimamiwa na mwalimu aliyehitimu, na huchukua miaka. Anayesikia sauti zisizokuwepo au aliyepoteza mawasiliano na uhalisia hafanyiwi kikao cha namna hii. Apelekwe kwa daktari wa akili, kama tunavyowapeleka hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu siku zote. Hapa sitaki tulegeze hata kidogo, kwa sababu aliyeumizwa na mshauri mmoja hurudi nyuma asimwamini yeyote kati yetu.

Mwaka ujao kamati inapendekeza mambo mawili. Kwanza, kikundi cha mazoezi ya kusimamiwa, kikutane Unguja na Chake Chake kwa zamu, maana wenzetu wa Pemba wamebeba gharama za boti kwa muda mrefu mno. Pili, tuwaombe wapigaji wa ala waturekodie vipande vya bashraf vya polepole kwa ajili ya mazoezi, kwa malipo ya haki. Anayetaka kujiunga na kikundi ampe katibu jina lake leo, kabla hatujafunga mkutano.

Mwenyekiti