Tupeni mechi inayofuata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni mwamuzi wa mpira wa kikapu hapa Mwanza, na riziki yangu inatoka kwenye meza ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Jumanne iliyopita, wateja wakiwa bado wamejaa, binti mmoja alinifuata mezani akanikabidhi leso iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na filimbi niliyompa mwaka jana alipomaliza kozi ya awali ya uamuzi. Akasema, "Shikamoo dada. Nimeirudisha. Mimi basi." Nilikuwa na sado ya mteja mkononi. Nilipoinua macho, alikuwa keshapanda bodaboda.

Nilijua kilichomkuta. Jumapili iliyotangulia alikuwa amechezesha mechi ya wanaume wakubwa kwa mara ya kwanza. Robo ya nne, zikiwa zimebaki dakika mbili, aliona faulo sawasawa kabisa, mkono wa mlinzi juu ya mkono wa mpigaji. Akapuliza, akainua ngumi, akakimbilia meza ya waandishi wa matokeo kutoa taarifa. Hapo ndipo palipoharibika. Aliyefanya faulo alivaa namba 15, yeye akaonyesha 14. Kwa ishara zetu tofauti ni kidole kimoja: unafumba ngumi ya kulia, ndiyo kumi, kisha unanyoosha vidole vya kushoto, vinne au vitano. Namba 14 alikuwa tayari na faulo nne. Meza wakaandika ya tano, kijana wa watu akatoka nje kwa kosa la mwenzake, na timu yake ikapoteza. Mashabiki wakamwambia binti akapike. Kiongozi mmoja akasema mbele yake, watu wakisikia, "Ndiyo maana siku zote nasema wanawake wabaki mezani."

Ni maneno hayo yaliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu hata mimi niliwahi kuambiwa hivyo hivyo.

Nilikaa mezani miaka minne. Nilipomaliza kozi waliniambia mwandiko wangu ni mzuri, nikapewa karatasi ya matokeo na kalamu mbili: nyekundu kwa robo ya kwanza na ya tatu, ya bluu kwa ya pili na ya nne. Sitaki mtu aidharau kazi ya meza. Bila meza hakuna mechi, na mimi pale nilijifunza mengi: kuhesabu faulo za timu kichwani, kujua lini saa ya kushuti inarudi sekunde 24 na lini inarudi 14. Lakini hakuna aliyekuwa mwamuzi kwa kukaa kwenye kiti. Ukiwa mezani unaona wachezaji wawili wameshikamana kama mtu mmoja. Ukisimama chini ya kikapu, kwenye mstari wa mwisho, hatua moja kushoto au kulia, ndipo unaona mwanga kati ya kifua cha mlinzi na bega la mshambuliaji. Mwanga ukiwapo, hakuna kuguswa. Ukizibika, tazama ni nani aliyeuziba. Jicho hilo halifundishwi darasani, linapatikana kwa mechi, na mechi, na mechi nyingine.

Kosa langu mimi lilikuwa mwaka 2016. Mshambuliaji aliachia shuti kutoka pembeni. Mpira ukiwa hewani, chini kabisa beki akamsukuma mtu mwingine aliyekuwa akigombea nafasi. Nikapuliza faulo. Mpira ukaingia. Mimi nikautengua, nikapunga mikono kwamba hakuna pointi. Kanuni inasema wazi kwamba mpira wa shuti ukishakuwa hewani, filimbi haiufanyi ufe; ukiingia, unahesabiwa. Niliijua kanuni ile. Niliifanyia mtihani nikaipata. Lakini uwanja ulipolipuka, akili ikaganda, na mwenzangu upande wa pili hakuja kuniambia neno. Timu niliyoinyima pointi mbili ikafungwa kwa pointi moja.

Kelele nilizivumilia. Kilichoniumiza ni kimya kilichofuata. Ratiba ya wiki iliyofuata ilipobandikwa, jina langu halikuwamo. Ya wiki nyingine halikuwamo. Miezi saba. Mwezi ule ule, mwamuzi mmoja wa kiume alitoa mitupo huru kwenye faulo ya nne ya timu, wakati mitupo huanzia ya tano, na Jumapili iliyofuata alikuwa uwanjani kama kawaida. Nasema kwa moyo mweupe kwamba walifanya vizuri kumpa mechi ile. Leo ni mwamuzi mzuri, na alijifunza kwa sababu alirudi uwanjani akiwa bado anakumbuka alipokosea. Mimi nilichukua kosa langu nikaenda kulala nalo nyumbani, na kosa usilopewa nafasi ya kulirekebisha linakua.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyestaafu uamuzi. Alikuja kununua dagaa, akaniuliza mbona sionekani. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi alinisimamisha kwenye uwanja wa Mirongo, yeye na mpira wake uliochakaa. Anashuti, ananiuliza, "Mkononi au hewani?" Najibu. Anashuti tena. "Mkononi au hewani?" Saa nzima hakuniuliza lingine, hakunipa pole, hakunihubiria. Mwisho nilikuwa naliona tendo lile la vidole kuachana na mpira kama vile mtu amelipunguzia mwendo. Wiki iliyofuata akanitafutia mechi za wanafunzi waliokuwa wakijiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Nikachezesha tatu kwa siku moja, chini ya jua, kwa nauli tu. Siku ile ndiyo naihesabu kuwa siku niliyoanza uamuzi.

Mzee huyo ndiye aliyenisimulia habari ya filimbi ninayoivaa. Filimbi za zamani zilikuwa na kigololi ndani. Mwaka 1984 mwamuzi wa Canada, Ron Foxcroft, alikuwa akichezesha mechi ya kimataifa nchini Brazil. Faulo ikatokea mbele yake, akapuliza, kigololi kikanasa, sauti haikutoka, uwanja mzima ukamzomea. Alirudi nyumbani akahangaika miaka kadhaa mpaka akatengeneza filimbi isiyo na kigololi, na leo filimbi ya aina hiyo iko shingoni mwa waamuzi duniani kote. Ndiyo niliyompa yule binti. Nilipompa nilimwambia imetengenezwa na mwamuzi aliyezomewa. Nadhani siku ile alidhani namtania.

Kuna na habari ya Violet Palmer wa Marekani. Yeye na Dee Kantner walianza kuchezesha NBA, ligi kuu ya kikapu ya wanaume kule, mwaka 1997, wanawake wa kwanza katika ligi ile, na walisemwa sana. Kantner aliachwa mwaka 2002. Palmer akabaki mwanamke peke yake kati ya waamuzi wale mpaka 2014 alipoajiriwa wa tatu. Mechi yake ya kwanza ya mtoano aliipata 2006, miaka tisa baada ya kuanza. Miaka tisa! Nikiisoma hesabu hiyo sioni ajabu ya kipaji. Naona mtu aliyepangwa kwenye ratiba wiki hadi wiki, akakosea, akapatia, akapangwa tena.

Hapa kwetu pia mfano upo, kwenye soka. Jonesia Rukyaa, mtoto wa Kanda hii ya Ziwa, amechezesha mechi ya Simba na Yanga. Salima Mukansanga wa Rwanda, mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za wanaume, Januari 2022, amewahi kueleza kwamba mchezo alioupenda kwanza ni kikapu, ila viwanja vya kuchezea vilikuwa shida, akahamia soka. Mwenzenu nikikumbuka hilo huwa naumia. Tulikuwa naye, akatuponyoka.

Ndugu Mhariri, wanaopanga waamuzi mikoani wanasoma gazeti lako. Nawaomba wampange mwanamke kwenye mechi za kawaida za wanaume, si fainali za Siku ya Wanawake peke yake, na wampange na mwenzake aliyekomaa, ambaye atamkimbilia na kumnong'oneza, "Shuti lilikuwa hewani, hesabu." Akikosea, wakae naye, waangalie video ya simu kama ipo, kisha jina lake lirudi kwenye ratiba ya wiki inayofuata. Zipo na shida nyingine. Viwanja vingi nilivyochezesha havina mahali pa sisi kubadilishia nguo. Mimi huvaa shati la kijivu na suruali nyeusi nyumbani, nikajifunga khanga juu, nikapanda daladala. Posho huchelewa. Hayo naweza kuyabeba. Kunyimwa mechi ndiko kunakotumaliza.

Na ninyi mabinti, msidhani mnachokipata ni mchezo tu. Nilikuwa mtu wa kuongea nikitazama chini. Uwanjani nimejifunza kusema maneno machache, kumtazama mtu usoni na kutorudia mara tatu. Wachezaji wengine wananiita "mama" filimbi ikiwa upande wao, na "wewe dada" ikiwa si upande wao, na vyote viwili navijibu kwa sauti ile ile. Mwaka juzi mfanyabiashara wa jumla aliyezoea kunipunja kwenye mzani alikuta nimeweka kiganja juu ya gunia. Nikamwambia, "Pima tena." Akapima. Kilo nne zilikuwa hazipo.

Binti yule nilimfuata kwao Alhamisi jioni. Mama yake akanikaribisha uji, tukakaa uani. Sikumwambia kwamba hakukosea, maana alikosea. Nilisimama mbele yake nikiwa na ngumi ya kulia na vidole vinne vya kushoto, nikamuuliza namba ngapi. Akajibu. Nikaongeza kidole. Akajibu. Tuliendelea hadi akaanza kunionyesha yeye, mdogo wake akizitaja namba kwa sauti kubwa.

Jumamosi hii saa tisa alasiri kuna mechi ya kirafiki ya wasichana wa sekondari, na mwamuzi wa pili hajapatikana. Nimemwambia aje na viatu. Filimbi ninayo kwenye mkoba, nimeiosha kwa maji ya moto, harufu ya dagaa ikaisha.

Mwamuzi wa kikapu,
Kirumba, Mwanza.